Mwanamke wa Arubaini

Kazi aliyopewa Riyama Msabah ilikuwa ya kuuliza maswali ambayo mwanamke wa Unguja hamuulizi mwenzake ila wawe wawili tu na mlango umefungwa. Umewahi kuwa na mwanamme ambaye hamkuahidiana kitu? Ulimtakia nini? Aliondoka yeye au uliondoka wewe? Ulijuta? Yalikuwa maswali ishirini na mbili, na mwenye maswali hayo alikuwa Mansour, mtoto wa Kiponda aliyekwenda kusoma ng'ambo, sasa karudi kukusanya habari za shahada yake ya udaktari.

Mansour alimchagua Riyama kwa sababu kwao ni Uroa na kina mama wa pwani ya mashariki wangemfungulia vifua. Riyama alikuwa na miaka ishirini na tisa, kasomesha skuli miaka mitatu, kaolewa miwili, kaachwa. Tangu aachwe alikuwa akikaa kwa mama yake mdogo, Mkunazini. Kijana mmoja aitwaye Himid alipewa wanaume arubaini wa kuwahoji, na Riyama akapewa wanawake arubaini.

Siku ya kwanza Mansour aliwakalisha kwenye chumba cha juu alichokodi Shangani, akawaeleza anachokitafuta.

"Mwanamke akishika mimba ni miezi tisa, kisha miaka ya kunyonyesha," alisema. "Mwanamme ni saa moja, basi. Kwa hiyo tangu enzi za kale mwanamme aliyepitapita aliacha watoto wengi, na mwanamke aliyepitapita aliachwa na mzigo. Wataalamu wanasema akili zetu zimefinyangwa na mambo hayo: mwanamme ana pupa, mwanamke anachagua. Mimi nataka kujua, huku kwetu kwenye dini na haya, ni hivohivo?"

"Hayo bibi yangu aliyajua, na ndege hajapanda," Riyama akasema.

Himid aliinamisha kichwa akidhani dada wa watu kaharibu. Lakini Mansour alicheka mpaka akavua miwani. "Basi na bibi yako tutamuandika," akasema.

Riyama akaenda kuuliza. Paje alimhoji msichana aliyekuwa akipokea wageni wa kuteleza baharini kwa matiara, vile vishada vikubwa vya kuvutwa na upepo. Kiwengwa alimhoji mfuaji mashuka wa hoteli, mama wa watoto wanne, aliyejibu maswali yote kwa kunong'ona ingawa walikuwa peke yao. Uroa alikwenda siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali, akawangoja kina mama pwani mpaka watoke kwenye mwani, vidole vimekunjamana kwa maji ya chumvi. Kila mmoja alimsomea karatasi ya ridhaa, akamuonyesha pa kutia sahihi au dole gumba, kisha akamwambia kwa kinywa chake mwenyewe: "Hayatoki hapa na jina lako, Inshallah."

Aliyemkaa moyoni kuliko wote alikuwa Bi Khamisa, mkulima wa mwani, mjane, umri wa mama yake.

"Mimba?" Bi Khamisa alisema. "Mimba mtu huzaa akalea. Miye sikuogopa mimba, mwanangu, nliogopa jina. Yeye mwanamme kesho yake alikwenda msikitini akakaa safu ya mbele. Miye nikawa 'yule'. Mpaka leo kuna nyumba sialikwi harusi."

Riyama aliporudi mjini akamsomea Mansour maneno yale. Mansour hakuandika kitu. Aliweka kalamu chini akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuomba arudie tena pale pa safu ya mbele. Riyama alikuwa hajapata kusikilizwa namna ile na mwanamme yeyote. Mumewe, Ubwa, alikuwa mtu wa kuuliza swali huku keshageuka kwenda zake.

Mambo yao yalianza hapo, kwenye kusomeana maneno ya watu. Na ukweli lazima usemwe: Mansour hakumdanganya. Alimwambia wazi, wamekaa kwenye nyumba ya dadake aliyehamia Maskati, nyumba tupu yenye viti vimefunikwa shuka, adhana ya Alasiri ndiyo kwanza imekwisha.

"Mwezi wa tisa narudi ng'ambo. Sitaki nikuahidi kitu kisha nisikitimize."

"Nani kakuomba ahadi?" Riyama akamjibu.

Na hakuwa akijitia. Keshaolewa kwa ngoma na pilau, ahadi zote kazisikia mbele ya mashahidi, na hazikumfaa kitu. Alijua analolifanya ni dhambi, na alijua likijulikana atakayelilipia ni yeye. Hata hivyo aliona safari hii kachagua mwenyewe. Kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa saba alikwenda kwenye nyumba ile jioni moja au mbili kwa wiki, akirudi Mkunazini kabla ya Magharibi na mkate mkononi, kama mtu aliyechelewa dukani.

Jioni moja ya mwezi wa tano alimwambia jambo ambalo hakuwa kamwambia mtu. Katika mwaka wa pili wa ndoa yake alishika mimba, na mimba ikatoka katika mwezi wa nne. Nyumba nzima ililia. Mama yake, Bi Mize, alikuja kutoka Uroa na nguo za mtoto alizokwisha kuzishona. Riyama aligeukia ukuta, akasema kimoyomoyo, "Alhamdulillahi." Alishukuru kwa sababu alijua sasa anaweza kuondoka. Miezi mitatu baadae aliomba talaka, akapewa. Tangu siku ile, kila akiona mtoto wa umri ambao wake angekuwa nao, hujiuliza yeye ni mtu wa namna gani.

Alilia sana alipokuwa akisema. Mansour alimshika mkono, kimya. Riyama akakichukua kimya kile kuwa ni huruma, akasikia kifua chake chepesi kama mtu aliyetua ndoo.

Mwezi wa saba Mansour alimaliza kuandika. Alimpelekea Riyama ile sura yenye maneno ya wanawake, akamuomba ayalinganishe na sauti alizorikodi, asije akawa kakosea hata neno moja. Riyama akakaa na kompyuta kwenye kibaraza cha juu cha mama yake mdogo, asubuhi, chai pembeni. Alisoma akitabasamu. Waliandikwa namba tu, lakini yeye aliwajua: huyu wa Paje, huyu mfuaji wa Kiwengwa, huyu Bi Khamisa na safu yake ya mbele.

Yeye aliwahoji wanawake thelathini na tisa. Wa arubaini, mwengine wa Kiwengwa, alikataa dakika ya mwisho, na Mansour akasema si neno, wanatosha. Lakini kwenye sura ile palikuwa na namba arubaini.

*Mwanamke, ameachika, miaka 29, mzaliwa wa Uroa, amewahi kuwa mwalimu. "Sikutaka mume, mume nilishampata. Nilitaka mtu ambaye nikiwa naye mimi si mtoto wa fulani wala mke wa fulani. Mimba yangu ilipotoka wote walilia, mimi niligeukia ukuta nikasema Alhamdulillahi."*

Chini yake Mansour kaeleza. Mshiriki huyu, kaandika, ni mfano ulio wazi wa mwanamke anayetumia uhusiano wa muda mfupi baada ya ndoa iliyoshindwa. Kupoteza mimba kulimpunguzia sababu ya kubaki kwa mume wa hadhi ya chini. Na mwenza aliyemchagua baadae ni mwanamme mwenye elimu na hadhi ya juu kuliko mumewe, kama nadharia inavyotabiri.

Riyama aliifunga kompyuta kwa haraka, kama kwamba mtu kasimama nyuma yake anasoma.

"Kuna nini?" mama mdogo akauliza kutoka jikoni.

"Hapana, mama. Jua."

Alivaa buibui akatoka. Njia ya kwenda Shangani aliijua kwa miguu, lakini siku ile alipotea mara mbili, akajikuta nyuma ya soko. Alipofika, Mansour alikuwa akipanga vitabu kwenye sanduku. Alimuona uso, akajua.

"Hukutajwa jina," ndilo neno lake la kwanza.

"Uroa kuna wanawake wangapi walioachika, wana miaka ishirini na tisa na walisomesha skuli?" Riyama akauliza. "Nambie, maana weye ndiye mtaalamu. Hata mtoto wa chuo cha Kurani atajua ni miye."

"Tunaweza kuandika thelathini. Au tukaandika 'kijiji cha mashariki'."

"Karatasi yangu ya ridhaa iko wapi?"

Mansour akafungua faili, akaitoa. Ilikuwa na sahihi ya Riyama, ya kweli. Na hapo Riyama akakumbuka: wiki ya kwanza ya kazi Mansour alimwambia ajaze karatasi moja ya mfano, awe anawaonyesha kina mama inavyojazwa. Aliijaza, akatia sahihi kwa madaha.

"Ulijua tangu siku ile?"

"Wallahi sikujua. Siku ile ilikuwa mfano kweli. Ni baadae."

"Baadae lini? Nlipokuwa nalia, ulikuwa ukiandika?"

"Sikuandika ukilia." Mansour aliangalia chini. "Uliponyanyuka kwenda kukoga."

Riyama alishika ukingo wa meza. Aliiona ile saa: maji yakimwagika, yeye akifikiri huko chumbani yuko mtu aliyeguswa na msiba wake, na kumbe yuko mtu anatafuta kalamu.

"Nisikilize," Mansour akasema, na sauti yake ilikuwa ya kuomba. "Wale wote walijibu maswali. Weye peke yako ulisema. Sijapata kitu cha kweli kama kile katika kazi nzima. Ningelikiacha vipi?"

"Na siku zile nyengine zote, ulikuwa ukinipenda au ukinisoma?"

"Sijui. Sikuwa nikitenganisha." Akavuta pumzi. "Tangu mwanzo tulikubaliana hakuna ahadi. Mwanamme, Riyama, maumbile yake—"

"Usinambie maumbile. Kulala na miye, haya, maumbile. Na kuandika nako ni maumbile?" Machozi yalikuwa yakimtoka bila ya yeye kulia. "Ahadi ya ndoa sikukuomba, na sikudai. Lakini mtu akikuvulia nguo humwangalii huku unamhesabu mbavu. Hilo nalo lilitaka kuahidiwa?"

Mansour alilisukuma sanduku la vitabu pembeni kwa mguu.

"Himid kawahoji wanaume arubaini. Weye umo? Weye uko namba ngapi?"

Alingoja. Chini barabarani mtu alikuwa akipiga honi ya vespa. Riyama akaichukua karatasi yenye sahihi yake, akaikunja, akaitia mkobani, akashuka ngazi.

Chuo cha hapahapa Unguja kilichompa Mansour kibali cha utafiti kilikuwa na kamati ya maadili, na mwenyekiti wake alikuwa mwanamke wa makamo, Dokta Faiza. Riyama alikwenda siku ya pili.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Dokta Faiza alisoma ile sura, akaisoma karatasi, akauliza maswali machache, mengine ya kuchoma. Kisha akasema, "Nnakuamini. Lakini nikwambie ukweli. Ukitaka tumzuie, lazima uandike. Na ukiandika, lazima useme maneno haya aliyapataje, mahali gani, katika hali gani. Watasoma watu watano. Wanawake wawili, wanaume watatu. Mmoja kwao Uroa."

Riyama akacheka, cheko la mtu aliyechoka. "Yaani nikitaka nisijulikane, nijitaje."

"Ndivyo. Si haki, lakini ndivyo."

Alifikiri siku tatu. Kunyamaza kulikuwa rahisi: Mansour angeondoka, kitabu kingekaa kwenye maktaba ya watu wa mbali, huenda asikisome mtu. Lakini Mansour kaahidi kuwarejeshea wanakijiji wa Uroa matokeo kwenye mkutano kabla hajaondoka, na Riyama alimjua, lile fungu alilolipenda angelisoma kwa sauti. Siku ya nne akaandika. Kurasa mbili na nusu, kila kitu, mpaka jina la nyumba.

Hakuishia hapo, na hili hakuna aliyemtuma. Alirudi kwa wanawake thelathini na tisa, mmoja mmoja, akiwaambia kwamba maneno ya mwanamke mmoja yametumiwa bila ya idhini yake, na kwamba wao wakitaka kuyatoa yao wana haki. Hakuwaambia ni mwanamke gani. Wengi walimwelewa uso kabla hajamaliza. Yule msichana wa Paje alisema yake yaachwe, ni kweli na haoni haya. Mfuaji wa Kiwengwa aliomba yatolewe, akamfungia mlango kabla hajaaga.

Bi Khamisa alimsikiliza huku akifunga miche ya mwani kwenye kamba, hakuinua kichwa.

"Ni weye," akasema.

"Naam, Bi Khamisa. Ni miye."

"Ulikuja hapa ukakaa hapohapo. Ukanitoa mambo ya miaka thelathini. Ulipokwenda kumsomea huyo bwana wako, ulimsomea wapi? Mezani au kitandani?"

Riyama alitaka kusema mezani. Ilikuwa kweli, siku ya mwanzo. Lakini zilikuwapo siku nyengine, na alikumbuka walivyocheka pamoja wakiyasoma, si kwa dharau, lakini walicheka.

"Basi yatoe yangu," Bi Khamisa akasema. "Si kwa ajili yake yeye, simjui. Kwa ajili yako. Miye nlikwambia weye."

Hilo lilimuumiza kuliko lile la Shangani. Alitembea ufukweni mpaka kijiji kikabaki nyuma. Kusalitiwa alikuwa keshakuzoea siku zile kumi; kuambiwa na yeye kasaliti, tena kwa haki, hakukuwa na pa kukuweka.

Kamati ilikaa mwezi wa nane. Fungu la namba arubaini likafutwa, na maneno ya wanawake kumi na saba yakaondolewa pamoja nalo. Mkutano wa Uroa haukufanyika. Mansour aliandikiwa barua ya onyo na chuo chake cha ng'ambo kikapewa nakala, akalazimika kuiandika upya sura nzima. Aliondoka mwezi wa tisa kama alivyosema tangu mwanzo. Mwaka uliofuata Himid alimwambia Riyama kuwa kaipata shahada. Riyama akasema, "Hongera yake," na sauti ikamsaliti katikati ya neno, maana bado alikuwa akimkumbuka, na hilo ndilo lililomtia hasira kuliko yote.

Na siri haikukaa. Haikujulikana nani kati ya wale watano aliyesema, lakini haikupita wiki mbili baada ya kamati kukaa ikawa imefika Uroa, mpaka kibarazani kwa Bi Mize. Habari ya Mansour watu waliitafuna wakaimeza. Mwanamke aliyeachika kuwa na bwana si jambo geni, hata likisemwa vibaya. Lililomfikia Bi Mize likamkaa kooni ni lile la ukuta na Alhamdulillahi.

Riyama alikwenda mwenyewe, hakungoja kuitwa. Alimkuta mama yake uani, kakaa kwenye mkeka, anatandaza mwani ukauke.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Kisha, akiukung'uta mwani mchanga: "Ni kweli ulisema?"

"Nlisema, mama."

"Miye nlikuwa nje ya mlango siku ile. Na zile nguo." Bi Mize aliendelea kuutandaza mwani, akiupangua mafungu kwa mafungu. "Nlilia siku arubaini nzima. Nikajilaumu, labda nlishona mapema mno, nimemtia mtoto jicho. Miaka hii yote najilaumu. Na weye kumbe ulikuwa ukishukuru, umekaa kimya."

"Nliogopa utanichukia."

"Labda ningelikuchukia. Wiki, mwezi. Miye ni mama yako, ingelikwisha. Ukaenda kumwambia mpita njia."

Riyama alipiga magoti kwenye mkeka. Alitaka kuomba radhi akaona neno ni dogo, akaanza naye kutandaza mwani. Walifanya kazi vile pamoja mpaka jua likasimama. Mara mbili jirani alichungulia uani, na mara zote mbili Bi Mize alimjibu salamu kwa ufupi, kwa namna ya kumfukuza.

Adhana ya Adhuhuri ilipokwisha ndipo Bi Mize alipouliza, bila ya kumtazama, "Ulimpenda?"

Katika kazi nzima ile, maswali ishirini na mbili kwa wanawake thelathini na tisa, Riyama hakuwa kamuuliza mtu swali hilo, wala yeye hakuulizwa.

"Nlimpenda, mama. Nlisema sitaki kitu kwake. Lakini nlimpenda."

"Basi usijidanganye tena ukasema mlikuwa mnapita." Bi Mize alijizoa kutoka mkekani kwa kushika goti. Radhi hakuitoa siku ile, na Riyama hakuiomba. "Kuna wali na mchuzi wa changu, umefunikwa. Ule kwanza. Kisha uje unisaidie kuugeuza huu wa upande wa pili, haujakauka."